Nyumba Asiyoingia Mzee Machogu

Sisi Wasabato wa kilima kile hatunywi chai, lakini tuliilima kwa bidii ya ajabu, na majani hayo tusiyoyanywa ndiyo yaliyokuwa yakiwafelisha watoto wetu. Nasema hivyo bila kuzunguka kwa sababu mimi nilifundisha darasa la sita katika shule ile juu ya Ikonge. Kila mwaka nilipandisha darasa la saba watoto wenye akili zao, halafu baada ya CPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, nikakutana nao njiani wamebeba makapu mgongoni, mtihani umewashinda, na wazee wanasema watoto wa siku hizi hawana kichwa. Kichwa walikuwa nacho. Walichokosa ni asubuhi.

Lori la majani lilikuja Jumatatu na Alhamisi. Majani ya chai huchumwa siku ile ile ya lori, kwa sababu yakilala yanageuka rangi na karani wa kituo anayamwaga chini mbele ya macho yako. Basi kila Jumatatu na Alhamisi asubuhi wakubwa na wadogo walikuwa shambani, na darasa la saba lilibaki na madawati na watoto wachache ambao kwao hakukuwa na chai. Hesabu tulifundisha asubuhi, wakati akili iko macho. Mtoto aliyekosa Jumatatu alikuja Jumanne akakuta somo limeshamwacha, akalikimbiza hadi Jumatano, na Alhamisi akalikosa tena.

Mwanzoni mwa mwaka wa 1972, matokeo yalipotoka mabaya kama kawaida, afisa wa elimu alipanda kilima chetu kwa Landrova kutoka Kisii. Hakugomba. Alisema tu kwamba mwaka mwingine kama huo ukipita, darasa la saba litafungwa na watoto watahamishiwa shule ya ng'ambo ya mto. Wavulana wangevuka. Wasichana, sote tulijua, hakuna mzazi ambaye angemruhusu binti yake avuke mto ule alfajiri wakati wa mvua. Kwa wasichana wa kilima chetu masomo yangekuwa yameishia darasa la sita.

Aliyepewa onyo hilo alikuwa Mwalimu Mkuu wetu, Eucabeth. Alikuwa mwanamke mwembamba, mpole wa sauti, mkali wa chaki, aliyeolewa pale pale kilimani na Ombati, mwenye duka Keumbu. Ombati alirudi nyumbani kila Ijumaa kabla jua halijatua, akashika Sabato na mkewe, Jumapili akarudi kwenye sukari na mafuta taa yake. Na baba yake Ombati ndiye Mzee Machogu, mwenyekiti wa kamati ya shule.

Hapo ndipo fundo lilipokuwa, na asiyezaliwa kwetu lazima aelezwe. Kwa Wagusii mke wa mtoto na baba mkwe wake wana ensoni. Ni heshima na ni haya, vyote pamoja. Mwanamke hamtazami baba mkwe usoni, hataji jina lake, hampi mkono, wala hamwambii neno ana kwa ana. Naye mzee haingii nyumba ya mkamwana wake, hata mvua ikimpiga vipi, hata nyumba ikiungua. Sasa wewe mfanye mmoja mwalimu mkuu na mwingine mwenyekiti wa kamati, uwaambie waendeshe shule.

Waliiendesha kupitia kwangu. Mzee alisema, "Momanyi, mwambie mwalimu bati la darasa la pili limetoboka." Mwalimu, hatua chache tu kutoka pale, amempa mgongo, amesikia kila neno. Lakini mpaka mimi nigeuke nimwambie bati limetoboka, ndipo alipojibu, "Mwambie mzee misumari ipo." Nikageuka tena. Katika mikutano mirefu shingo iliniuma kwelikweli.

Mzee Machogu hakuwa mtu mbaya. Shule ilijengwa kwenye ardhi yake na alibeba mawe ya msingi kwa mabega yake mwenyewe. Ndiye pia aliyekuwa wa kwanza kupanda chai kilimani, wengine wakimcheka, na sasa wote walimfuata. Mkewe Nyanchama alikuwa amefariki, watoto wakubwa wametawanyika, naye alibaki na kitinda mimba wake, Gesare, aliyekuwa darasa la saba. Mikono ya Gesare ilikuwa myepesi kwenye chai kushinda ya mtu mzima.

Siku za lori mzee alikuja mpaka mlango wa darasa. Mlango wa shule si mlango wa nyumba, hapo ensoni haikumzuia. Alikohoa mara moja. Mwalimu Eucabeth aligeukia ubao, akasimama hivyo bila kuandika chochote, na Gesare akainuka, akafunga daftari, akatoka. Baba za wengine waliokuwa wakisubiri kwenye kona wakaona njia imefunguka, wakaja nao kuchukua wao. Kama mwenyekiti anamchukua wake, nani atakatazwa?

Niliudhika, sitaficha. Jioni moja, watoto wameshaenda, nilimwambia mwalimu kwamba ubao haukuwa na jibu, afadhali aseme neno moja tu na mzee yule kabla hatujafungiwa darasa. Alifuta chaki mikononi taratibu.

"Momanyi, nikifungua mdomo mbele yake, siku hiyo hiyo nitakuwa mwanamke asiye na ensoni," alisema. "Baada ya hapo hata mtoto wa darasa la kwanza hatanisikiliza."

Alikuwa amesema kweli.

Muhula wa pili ulipofunguliwa, Jumatatu ya kwanza nilifika shuleni nikakuta darasa la saba tupu kabisa, hata wale wasio na chai hawamo. Nikadhani sasa tumekwisha. Halafu nikasikia watoto wakisema kwa pamoja jedwali la kuzidisha, na sauti ilitoka nyumbani kwa Mwalimu Eucabeth, ng'ambo ya uwanja, nyuma ya ua wa miti. Alikuwa amewakusanya tangu kabla ya jua kupanda juu, amewapanga sebuleni na jikoni, wengine wameketi juu ya magunia, na ubao mdogo ameuegemeza kwenye kabati la vyombo.

Mzee Machogu alikuja saa yake ya kawaida. Akakohoa kwenye mlango wa darasa tupu. Akasikiliza. Akavuka uwanja kwa fimbo yake mpaka kwenye ua, na pale akasimama, kwa sababu ng'ambo ya ua ule kulikuwa na nyumba ya mkamwana wake. Nikaitwa.

"Momanyi, mwambie mwalimu namtaka mtoto wangu."

Nilienda mpaka dirishani. Mwalimu alikuwa amesimama ndani, mgongo kwetu, chaki mkononi.

"Mwambie mzee mtoto yuko hapa," alisema. "Mlango uko wazi. Aje amchukue."

Nikarudi kwenye ua na kumwambia mzee mlango uko wazi. Alikuwa ameshasikia. Aliutazama mlango ule kwa muda mrefu, umefunguliwa wote, hauna hata pazia, kisha akageuka akaenda zake shambani peke yake.

Na baba za wengine? Kilima kile ni cha ukoo mmoja. Ndugu za Machogu, na watoto wa ndugu za baba yake, wote kwa Eucabeth walikuwa baba wakwe. Walifika kwenye ua mmoja mmoja, wakautazama mlango, wakarudi. Akina mama waliweza kuingia na wengine waliingia kwa hasira, lakini mwalimu aliwapa kigoda na kikombe cha uji, wakakaa kidogo, wakawaona watoto wao wanaandika, na kuinuka kukawa kazi.

Kilima kilicheka wiki nzima. Wanawake walicheka mtoni, vijana walicheka sokoni Ikonge. Lakini wazee hawakucheka. Ratemo, binamu yake Machogu, alisema mwanamke yule ameichukua ensoni akaifanya fimbo ya kumpigia mzee aliyemtolea mahari. Ombati aliporudi Ijumaa aliambiwa habari hizo kabla hajafika kwake, na nasikia hakula. Mwalimu Eucabeth mwenyewe ndiye aliyenieleza, akilia, na sikuwahi kumwona akilia. Mumewe alikuwa amemwambia maneno machache tu, kwamba amemfungia baba yake nje. Naye alikuwa amejibu kwamba baba huyo hajawahi kuingia. Ilikuwa kweli, na haikumsaidia. Alikuwa amefuata mila bila kuivunja hata kidogo, na bado alijua amemvunjia heshima mzee.

Nikamuuliza kama basi tuwarudishe darasani. Akasema hapana.

Alhamisi mzee alikuja tena. Nilijiandaa kuitwa, lakini hakuniita. Alisimama kwenye ua na kapu lake mgongoni, mtu wa umri ule, kisha akaenda. Jumatatu iliyofuata vivyo hivyo. Ikawa kila siku ya lori anasimama pale, na kila mara anakaa zaidi. Mimi nilifikiri anakusanya makosa. Nilimwambia mwalimu afundishe kwa sauti ya chini, asije akampa mzee la kusema. Alikataa; alisema watoto wa nyuma hawatasikia.

Karibu na mwisho wa muhula mzee alituma neno kwamba kamati ikutane, na wazazi wote waje. Hakuna aliyehitaji kuambiwa ni la nini. Wakati ule mwenyekiti wa kamati akienda ofisi ya Kisii kusema mwalimu fulani ahamishwe, mwalimu alihamishwa. Mwalimu Eucabeth alinikabidhi funguo za stoo kabla hata ya mkutano, akanionyesha ilipo chaki na ulipo wino. Angepelekwa labda Kenyenya, mbali na nyumba yake, na darasa la saba lingerudi kwenye makapu. Na Gesare, ambaye miezi ile michache alikuwa amefufuka mbele ya macho yetu, angekuwa wa kwanza kurudi.

Tulikutana katika darasa la saba. Wanaume upande mmoja, wanawake upande wa pili. Mwalimu aliketi mbele akielekea ubao, mgongo kwa mzee, na mimi nikasimama katikati kama ilivyo kazi yangu. Mzee Machogu aliinuka kwa shida. Majani yalikuwa yameuharibu mgongo wake muhula huo.

"Momanyi, mwambie mwalimu nilisimama kwenye ua wa nyumba yake," alisema.

Watu waliguna. Mzee kusema mwenyewe, mbele ya wanawake, kwamba alikuwa akisimama karibu na nyumba ya mkamwana wake si jambo dogo. Ratemo alimvuta koti akae. Hakukaa.

"Siku ya kwanza nilikuwa na hasira," aliendelea. "Siku ya pili nilikuja na hasira ile ile. Nikasikia mwalimu anauliza hesabu. Hii hesabu ilikuwa ndefu, ya shamba na mafungu ya shamba. Watoto wote kimya. Halafu sauti moja ikajibu, na mwalimu akasema ndiyo. Nikajua ile sauti. Nikarudi Jumatatu nione kama ni bahati. Nimerudi siku zote. Si bahati." Akaegemea fimbo yake. "Mwambie aniambie. Huyu mtoto amekuwa hivi tangu lini?"

Niligeuka nikamwambia. Mwalimu alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Mwambie mzee, tangu darasa la nne."

"Na mbona mimi sikuambiwa?"

Sikuweza kulipeleka swali hilo haraka, kwa sababu lilinichoma mimi pia. Nani angemwambia? Kadi za ripoti zilifika nyumbani kila muhula na kuchomekwa kwenye paa, na mzee hakujua kusoma. Mama wa mtoto hayupo. Gesare mwenyewe ni binti aliyelelewa vizuri, hawezi kwenda kwa baba yake kujisifu. Sisi walimu wengine tulisema habari za watoto ni za mwalimu mkuu kuzipeleka, tukimruka tutaonekana tunamdharau. Na mwalimu mkuu alikuwa mtu pekee duniani asiyeweza kumwambia Mzee Machogu neno.

Nikamwuliza.

"Mwambie mzee, nilidhani anajua na hajali," alisema. "Na kama hakujua, si mimi wa kumwambia."

Nililisema jibu hilo kwa sauti ambayo haikuwa yangu. Mzee alitikisa kichwa polepole. Halafu akamgeukia Ratemo akamwuliza mvulana wake yukoje katika hesabu. Ratemo hakujua. Akamwuliza mwingine, kisha mwingine. Walijua ada, walijua sare, walijua nani alichapwa kwa kuchelewa. Jinsi mtoto alivyo darasani hakuna baba aliyejua, maana kilima kizima kilikuwa cha baba wakwe wa mwalimu mkuu, na miaka yote ile hakuna hata mmoja aliyewahi kuambiwa jambo. Mwanamke mmoja, Persis, alisema sisi tuliokunywa uji tulianza kujua, lakini nani alituuliza?

Mzee alisema Kisii haendi. Badala yake alianza kupatana, na hiyo ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote. Akasema mwambie mwalimu siku za lori nitamwacha mtoto mpaka saa nne. Mwalimu akasema mwambie mzee saa nne hesabu haijaisha. Mzee akasema majani hayajui hesabu. Mwalimu akasema mtihani haujui majani. Nikageuka huku, nikageuka kule, watu wakaanza kucheka, na hata mgongo wa Mwalimu Eucabeth ulikuwa unatikisika kwa kicheko. Waliishia saa sita. Lori lilifika saa tisa, na mzee akasema kabla ya hapo watu wazima watachumiana kwa zamu, risaga, kama tunavyolimiana mashamba, leo kwa huyu kesho kwa yule. Chai ni shamba kama shamba lingine. Sijui kwa nini tulikuwa hatujaifikiria.

Darasa likarudi darasani. Mimi nikapewa kazi mpya ya Jumapili, kupita nyumba kwa nyumba kuwaambia akina baba watoto wao wako vipi. Sikuwapamba. Nilimwambia Ratemo mvulana wake ni mvivu wa kuandika lakini anajua kusoma kuliko wote, na Ratemo akaniuliza mara mbili kama nimesema kuliko wote. Kuanzia hapo mvulana hakuonekana tena shambani asubuhi, na jioni baba yake alimkalisha karibu na dirisha amsomee gazeti la zamani lililofungiwa sukari. Mzee Machogu alichuma chai yake na jirani zake, akichekwa na wapita njia kwamba mwenyekiti amekuwa msichana wa chai. Aliwajibu kwamba msichana wa chai yuko shuleni.

Matokeo yalikuja mapema mwaka uliofuata. Hatukuwa watu wa miujiza. Wapo walioanguka, tena wengine niliowapenda. Lakini waliopita walikuwa wengi kuliko miaka yote ya shule ile ikijumlishwa, na afisa wa Kisii alituma neno kwamba darasa la saba litabaki mahali lilipo. Mwalimu Eucabeth alisimama barazani akasoma majina, wazazi wamejaa uwanjani. Mvulana wa Ratemo alikuwamo. Aliposoma la Gesare alisoma pia kwamba ameitwa kidato cha kwanza, shule ya wasichana ya bweni, na sauti yake ikakatika, akalazimika kulirudia.

Gesare alifunika uso kwa mikono. Mzee Machogu alitoka katikati ya watu akaja mpaka karibu na baraza, hatua zile chache za siku zote. Mwalimu alipomwona anakuja aligeuka, akampa mgongo kama inavyopasa, karatasi kifuani.

"Momanyi," mzee aliniita.

Nikasimama mahali pangu.

"Mwambie mwalimu," alisema, kisha akanyamaza.

Tulisubiri. Alivua kofia akaishika kwa mikono miwili. Mdomo wake ulianza neno ukaliacha, ukaanza tena, na macho yake yakajaa machozi mbele ya kilima kizima. Mimi nilijua la kusema. Nilikuwa nimewabebea maneno miaka mingi na hilo lingenitoka bila taabu. Lakini halikuwa langu.

Mwalimu Eucabeth hakugeuka. Alisubiri mpaka ikawa wazi kwamba hakuna neno litakalokuja.

"Momanyi," alisema, "mwambie mzee nimesikia."

Nikamgeukia mzee, nikamwambia.